Biblia za Kariokor

Mimi ni fundi wa ngozi soko la Kariokor. Nashona akala, mikanda na mikoba, na kando ya hayo nashona majalada ya Biblia. Mteja akiniachia Biblia siku mbili tatu, kabla sijaipima huwa naifunga na kuitazama ubavuni. Mahali panaposomwa sana hufanya utepe mweusi wa jasho la vidole. Biblia za kina mama wa viondo ni nyeusi katikati, penye Zaburi. Za wachungaji wa makanisa ya mabati zimechakaa penye Malaki, na kila anayetoa zaka anajua kwa nini. Za wazee waliokuwa watu wazima miaka ya themanini zina weusi mahali ambapo vijana wa sasa hawapagusi sana: Danieli, na Wafalme wa Kwanza karibu na sura ya 21.

Wateja hupenda kuniambia kwamba siasa imeingia kanisani juzi, pamoja na wanasiasa wenye bahasha. Huwa siwabishii mpaka nimalize kushona. Lakini ukikaa mtaa huu ukasoma historia yake, utaona kwamba hapa dini na serikali zilianza kugawana watu kabla nyumba ya kwanza ya kupangisha haijajengwa.

Wakati wa vita ya 1914 hadi 1918, mahali hapa palikuwa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliowabebea Waingereza risasi, unga na majeruhi katika vita dhidi ya Wajerumani, ndani ya nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Jina la mtaa wetu limetoka huko, kama lilivyotoka la ndugu zetu wa Kariakoo, Dar es Salaam. Hesabu rasmi ya wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa ilizidi 40,000, na wanahistoria wengi huamini kwamba idadi halisi ilikaribia 100,000. Si risasi iliyowaua wengi wao. Waliuawa na kuhara, malaria na nimonia, na unga wa mahindi uliopikwa nusu na watu waliochoka mno kungoja uive.

Mwaka 1917 serikali ilitaka wapagazi wengi kwa mpigo, na John Ainsworth akapewa kazi ya kuwapata. Machifu walikamata vijana vijijini, na vijana wa misheni nao walikuwa hatarini. Hapo ndipo Dokta John Arthur, mganga na mmishonari wa Kanisa la Scotland kule Thogoto, alipotoa wazo lake: misheni ziunde kikosi chao, chini ya wamishonari wenyewe. Kikaitwa Kikuyu Mission Volunteers. Vijana wasiopungua 1,500 kutoka misheni mbalimbali walijiandikisha, wakaenda Tanganyika na madaktari wao na sala zao, chini ya maafisa waliowajua kwa majina. Walikufa wachache kuliko wenzao, kwa sababu walipata chakula kilichoiva na mtu wa kuwatazama walipougua.

Sina ugomvi na Arthur kwa kuwaokoa hao. Familia nyingi za Kiambu na Nyeri zipo leo kwa sababu babu yao alibeba mzigo chini ya daktari badala ya kuubeba chini ya sajenti asiyemjua. Lakini tazama mapatano yenyewe. Kanisa halikuuliza kama mzigo ni halali. Liliomba tu liishike orodha ya wabebaji.

Kuna mtu wa pili ninayependa kumweka kando ya Arthur: Frank Weston, askofu Mwanglikana wa Zanzibar. Mwaka 1916 naye aliongoza wapagazi, zaidi ya elfu mbili kutoka Zanzibar, akapewa cheo cha meja na kutembea nao bara. Viongozi wawili wa dini, kitabu kimoja, vita moja, kazi ile ile. Vita ilipokwisha wakafikia mahali tofauti kabisa.

Mwaka 1919 serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka ulioagiza maafisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua chifu anahimiza vipi: kwa fimbo. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Arthur, wakaandika maoni yao. Hawakuupenda unafiki wa waraka ule. Hata hivyo walisema kwamba ikiwa ni lazima watu walazimishwe kufanya kazi, basi iwe kwa sheria, kwa mipaka, na kwa kazi za umma. Weston aliposoma hayo alikataa katakata. Alikuwa ameandika kijitabu cha kuwashutumu Wajerumani kwa ukatili wao kwa Waafrika, na Waingereza walikipenda sana kwa kuwa kilimsema adui. Mwaka 1920 akaandika kingine, safari hii juu ya Waingereza wenyewe, akakiita *Serfs of Great Britain*. Hoja yake ilikuwa kwamba kumlazimisha mtu kumfanyia mwingine kazi ni dhuluma, hata ikipigwa muhuri. Kelele zilifika London, na mwaka 1921 Winston Churchill, waziri wa makoloni, akaagiza maafisa wa serikali waache kuwatafutia walowezi vibarua.

Mimi huwaona Arthur na Weston kila Jumapili. Yupo mhubiri anayesema mzigo upo, tuusimamie vizuri. Yupo anayeuliza nani aliufunga. Wote wawili wana aya zao. Kwa hiyo swali la kama kanisa liingie siasani au lisiingie halinisumbui kabisa. Nauliza nani anachagua ukurasa, na kama msikilizaji anaruhusiwa kufungua mwingine.

Waliofungua ukurasa mwingine walikuwa vijana wa mjini. Baada ya vita walilipwa kwa kipande (hati ya lazima ya mfanyakazi), kodi iliyopandishwa na mshahara uliopunguzwa. Harry Thuku, mwanafunzi wa zamani wa misheni ya Kambui aliyekuwa akifanya kazi kwenye simu za serikali, alianzisha chama mwaka 1921, na East African Association ikawakusanya Wakristo wa misheni na Waislamu wa Pangani na Pumwani pamoja. Hilo tusilipite haraka. Nairobi ya Waafrika wakati ule ilikuwa na sura ya Kiislamu. Wenye nyumba wengi Pumwani walikuwa Waislamu, na Mkristo alikuwa mpangaji. Thuku hakuona haja ya kuchagua. Baadhi ya wafuasi wake wakaanza kumtaja katika sala zao kama kiongozi aliyeteuliwa na Mungu, na wamishonari waliosikia wakakasirika. Walikuwa wamefundisha habari za Musa kwa miaka, na hawakutarajia kwamba mtu angetazama huku na huku akauliza Farao ni nani.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulijaa nje ya kituo cha polisi, karibu na hoteli ya Norfolk, na Mary Muthoni Nyanjiru akawachochea wanaume waliokuwa wakisitasita. Polisi wakapiga risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Watu wa mjini walihesabu zaidi. Thuku akapelekwa Kismayu.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 halmashauri ya mji ilijenga mabweni ya wafanyakazi palepale palipokuwa kambi ya wapagazi. Ndiyo Kariokor ya kwanza: vitanda vya wanaume, si nyumba za familia. Na mwaka 1926 Agano Jipya lilitoka kwa Kigikuyu. Naziweka habari hizi mbili pamoja kwa sababu ya taa. Kijijini kitabu kilikuwa cha mwalimu. Mjini mtu alilala chumba kimoja na wenzake, amechoka, hana mzee wala mchungaji juu yake, na taa ikiwaka mmoja akasoma kwa sauti, wengine walimkatiza wapendavyo. Walisoma mahali ambapo hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kusema hapo inatosha.

Ugomvi wa tohara ya wasichana ulipolipuka mwaka 1929, misheni ziliwataka waumini waikane kwa maandishi au kwa kidole gumba, na makanisa mengi ya Kiambu na Murang'a yakabaki karibu matupu. Arthur, aliyekuwa ameteuliwa kuwasemea Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria bila kuchaguliwa na Mwafrika yeyote, alijikuta ameporomoka katika siasa. Mimi sitetei tohara ile, nina mabinti. Ninachosema ni kwamba waliotoka hawakuiacha Biblia. Waliondoka nayo, wakajenga shule zao na makanisa yao, na wakaisoma bila kuomba ruhusa.

Bildad Kaggia ni mtu wa aina hiyo. Alipigania Waingereza katika vita ya pili, akafika hadi Uingereza, na huko akaona Wazungu maskini, Wazungu wasioenda kanisani, Wazungu wasio na haya. Aliporudi mwaka 1946 hakuanza na chama. Alianza na dini. Alikataa kwamba lazima Mwafrika abatizwe kwa jina la Kizungu au asali kwa taratibu za Kizungu, na kundi lake likaitwa na watu Dini ya Kaggia. Miaka mitano baadaye alikuwa pamoja na Fred Kubai katika uongozi wa tawi la chama cha KAU hapa Nairobi, na mwaka 1952 akawa mmoja wa sita walioshtakiwa Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau. Vitabu vya shule humtaja kama mwanasiasa aliyewahi kupita katika dini. Nikisoma maisha yake naona kinyume: siasa yake ilikuwa mwendelezo wa hoja moja aliyoanza nayo kanisani, kwamba hakuna mtu wa kusimama kati yako na kilichoandikwa. Uhuru ulipokuja na wenzake wakaanza kugawana mashamba, hoja hiyo ilimtoa tena, akaenda upinzani na chama cha KPU mwaka 1966.

Miaka ile ya mwanzo wa hamsini nyimbo za siasa ziliimbwa kwa tuni za kanisa. Mzungu akipita nje alisikia tuni aliyoijua tangu utotoni akadhani ni ibada. Haikudumu. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil, na mitaa yetu ya Eastlands ikapekuliwa chumba kwa chumba. Wagikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje wakapita mbele ya watu waliofunikwa magunia usoni, na aliyeonyeshwa kwa kichwa alipelekwa kizuizini. Zaidi ya 20,000 walichukuliwa. Makanisa yalikuwa pande zote mbili za waya: wapo Wakristo waliokataa kiapo cha Mau Mau wakauawa, na kanisa la PCEA kule Bahati linaitwa la Mashahidi mpaka leo; wapo pia waliokula kiapo Jumamosi wakashiriki meza ya Bwana Jumapili, na hawakuona mgongano. Mama yangu alikuwa wa hao wa pili. Nilipomuuliza, aliniambia niendelee kukoroga uji.

Mimi nimezaliwa baada ya hapo, na nyumbani kwetu siasa ilisomwa gazetini. Baba alinunua *Lengo*, gazeti la Kiswahili la baraza la makanisa, na gazeti dada la Kiingereza, *Target*, aliliazima kwa jirani. Mwaka 1969, Tom Mboya alipouawa na malori yakaanza kupeleka watu Gatundu kula kiapo cha kulinda utawala usitoke kabila moja, *Target* chini ya mhariri wake Henry Okullu lilipinga hadharani. Baba alisoma habari ile amesimama. Tulikuwa na majirani wa kila kabila kwenye ngazi zetu, na wiki zile salamu zilikuwa fupi.

Lakini miaka niliyoiona kwa macho ya mtu mzima ni ya Rais Moi, na hiyo siipiti mbio.

Rais mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa. Kila Jumapili taarifa ya habari ilianza kwa kutuambia Mtukufu Rais amesali wapi na amewahimiza waumini kufanya nini. Sura ya 13 ya Warumi, ile ya kutii mamlaka, ilisomwa mpaka ikazoeleka kama wimbo wa taifa. (Nimeona kwamba sura hiyo hupendwa na aliye madarakani, na akishushwa, huisahau ndani ya mwezi.) Mwaka 1986 chama tawala, KANU, kiliamua kwamba kura za mchujo zipigwe kwa mlolongo, watu wapange foleni nyuma ya mgombea wao. Baraza la makanisa, NCCK, likasema hapana: mchungaji hawezi kusimama hadharani nyuma ya mtu mmoja kisha Jumapili awahudumie wote. Kanisa la AIC, lililokuwa la Moi mwenyewe, likajitoa katika baraza. Mlolongo ukatumika mwaka 1988. Nilipanga foleni hapa Starehe, nikaona kwa macho mstari mfupi ukitangazwa mrefu.

Kati ya hapo, mwaka 1987, David Gitari, askofu Mwanglikana wa Mlima Kenya Mashariki, alihubiri Nyeri juu ya Danieli katika tundu la simba. Nataka nieleze mahubiri yale yalivyofanya kazi, kwa maana vijana hudhani alitukana mtu. Hakutukana. Katika Danieli sura ya 6, wakubwa wenye wivu wanatunga sheria ya kumnasa mtu mmoja mwaminifu, wanamsifu mfalme mpaka anatia sahihi, na mfalme akigundua alichotia sahihi anashindwa kukitengua. Ndiyo hadithi nzima. Gitari aliisoma, akaeleza hatari ya kubadili sheria kwa haraka bila watu kujadili, akaketi. Katiba yetu ilikuwa imetoka kubadilishwa kwa namna hiyo hiyo. Kwa siku kadhaa wanasiasa wa KANU walijaza magazeti wakimshambulia. Hapa sokoni tulicheka: askofu hakutaja jina la mtu yeyote, na wenyewe walikuwa wamejitokeza mmoja mmoja. Alihubiri pia juu ya Nabothi na shamba lake la mizabibu, habari ya mfalme anayetaka kiwanja cha jirani na malkia anayempatia mashahidi wa uongo. Nani Nairobi angehitaji kuelezwa hiyo? Viwanja vya umma vilikuwa vikipata wenyewe usiku. Mwaka 1989 nyumba ya Gitari ilivamiwa usiku na watu wenye silaha, akanusurika.

Siku ya mwaka mpya wa 1990, mchungaji Timothy Njoya wa PCEA alihubiri kwamba tawala za chama kimoja zilizokuwa zikianguka Ulaya Mashariki zitufunze kitu. Akatukanwa. Miezi sita baadaye Kenneth Matiba na Charles Rubia, aliyewahi kuwa mbunge wetu wa Starehe, waliitisha mkutano wa kudai vyama vingi Kamukunji, tarehe saba mwezi wa saba. Wakakamatwa kabla. Watu wakaenda hivyo hivyo. Kamukunji si mbali na hapa, na gesi ya machozi haijui mpaka wa soko. Tulifunga vibanda tukajifunika nyuso kwa ngozi mbichi, kitu nisichomshauri mtu yeyote. Fujo ziliendelea siku kadhaa na watu wasiopungua 20 waliuawa. Tarehe 14 Agosti mwaka huo huo, Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikufa katika ajali ya barabarani, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Alikuwa amekwenda Busia.

Wazee walioniletea Biblia zao miaka hiyo hawakuwa wanaharakati. Walikuwa makarani, madereva, watu wa reli. Mmoja wao alikuwa amepigia mistari kwa kalamu nyekundu Danieli yote, akaandika pembeni herufi za kwanza za majina. Alinisihi nishone bila kusoma. Nilisoma.

Kanisa Kuu la All Saints lilipowapa hifadhi akina mama wa wafungwa wa kisiasa mwaka 1992, baada ya kufukuzwa Uhuru Park kwa marungu, na polisi walipovunja heshima ya jengo lile lile tarehe 7 Julai 1997 na kumpiga Njoya ndani yake, sisi tulidhani mambo yamekwisha kueleweka: kanisa liko upande gani, serikali iko upande gani. Moi alipoondoka mwaka 2002, viongozi wengi wa dini waliona serikali mpya kuwa yao, na wakanyamaza. Katika uchaguzi wa 2007 waligawanyika kwa kabila kama sisi wengine. Mwezi wa Februari 2008, watu zaidi ya 1,000 wakiwa wamekufa katika ghasia za baada ya uchaguzi, NCCK iliomba radhi kwa kupendelea pande. Namheshimu aliyeandika maneno yale. Lakini imani ikishauzwa rejareja hairudi kwa jumla: mwaka 2010 makanisa mengi yalipinga katiba mpya, na asilimia 67 ya wapiga kura wakaipitisha, wengi wao wakiwa waumini wa makanisa hayo hayo.

Halafu zikaja bahasha. Mwanasiasa aligundua kwamba mkutano wa hadhara unataka kibali, vipaza sauti na vijana wa kulipwa, ilhali Jumapili watu wamekwisha kusanyika, wameketi, wamevaa vizuri. Septemba 2021, alipomsimika Rose Okeno kuwa askofu wa Butere, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika Kanisa Anglikana la Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipiga marufuku wanasiasa kuzungumza madhabahuni. Mwezi Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na wakawauliza wachungaji vilevile hesabu ya michango. Novemba mwaka huo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika kanisa Katoliki la Soweto, hapa Nairobi, zirudishwe. Nilisikia habari hiyo kwenye redio ya jirani, na jambo lililowashangaza watu sokoni halikuwa kiasi cha fedha. Ni kwamba kumbe zinaweza kurudishwa.

Kwenye kanisa moja la karibu na hapa, marufuku inafuatwa sana. Mwanasiasa akija huketi kimya mpaka baraka ya mwisho, kisha hutoka akahutubia nje, chini ya hema, hatua kumi kutoka mlangoni. Juzi alikuja kijana anayetaka kiti cha wodi. Alianza na Zaburi ya 23, kama wote. Mama mmoja wa viondo akanyanyua mkono, akamwuliza kama amewahi kusoma Nehemia, sura ya tano. Hakuwa amesoma. Mama akamweleza: kuna gavana mle aliyekataa kula posho ya ugavana miaka 12, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa, na akawaamuru wakubwa warudishe mashamba waliyochukua kwa riba.

"Nenda ukasome, mwanangu, halafu urudi utuambie," akamwambia.

Kijana akasema atasoma. Msaidizi wake aliandika kitu kwenye simu, akamwuliza mama ni Nehemia ya ngapi, ya kwanza au ya pili.